«Si ugonjwa wa hospitali»

Kuna neno moja ambalo sisi makatekista twalisikia mara nyingi, vijijini na katika kartie za mji. Mtu anaanza kusema peke yake usiku. Anaacha kula. Anavua nguo zake njiani. Jamaa wanakutana, wazee wanakaa, mjomba anakohoa kidogo, kisha anasema: «Huu si ugonjwa wa hospitali.» Basi, shauri limekatwa. Tangu saa ile mgonjwa atapelekwa kila mahali, ila kwa mganga hatapelekwa.

Leo twataka kulipiga vita neno hilo. Twajua kwamba wasomaji wengine watakasirika, kwa maana wamekwisha kulisema wao wenyewe. Na wakasirike, lakini wasome mpaka mwisho.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Huku kwetu Kongo, tukisema mganga, twataja yule aliyesomea kazi ya kutibu na anayefanya kazi hospitalini. Yule wa vibuyu na hirizi twamwita mfumu. Na kati ya waganga kuna mmoja aliyezidi kujifunza magonjwa ya akili: amekuwa mganga kwanza kama wengine, akajua moyo na ini na damu, kisha akaongeza miaka mingine ya masomo juu ya akili ya mtu. Huyo ndiye tunayetaka kumsema. Watu wanamwita «mganga wa vichaa», na kwa jina hilo tu wanaona haya kupita mbele ya mlango wake.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe, ili asiwepo wa kusema kwamba twahukumu wengine tukijiacha.

Kijana mmoja wa parokia yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti nene ya kupendeza. Alikuwa na miaka 24. Katika Kwaresima akaanza kukesha. Usiku aliandika ukutani kwa makaa, maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Mchana aliifunika redio kwa nguo, akisema mtangazaji anataja jina lake mbele ya nchi nzima. Mama yake hakukimbilia kwa mfumu. Alikuja kwetu. Akauliza: «Katekista, nifanye nini?» Nasi tuliopita seminarini, tuliosoma falsafa na kujua maneno ya Kilatini, tulimjibu nini? Tulimwambia: «Mama, ni majaribu ya Kwaresima. Anza novena, nasi tutamwombea. Tutaona baada ya Pasaka.»

Juu ya mganga hatukusema hata neno moja. Tukitafuta sababu leo, twaona ilikuwa haya tu. Mwalimu wa shule ya Katoliki, mwana wa kwaya, apelekwe kwa mganga wa vichaa! Watu watasema nini?

Baada ya Pasaka kijana alimpiga mdogo wake, akidhani anapiga nyoka. Hapo jamaa hawakutuuliza tena. Mjomba alilisema neno lile. Wakaenda kwanza kwa mfumu, ambaye alichukua mbuzi wawili na kitenge, akamtaja shangazi wa kijana, mjane maskini, kwamba ndiye mlozi. Mjane yule alifukuzwa nyumbani mwake usiku, na mvua ilikuwa ikinyesha. Kisha wakampeleka mgonjwa katika chumba cha sala, mbali kidogo na mji. Huko alifungwa kwa mnyororo mguuni muda wa majuma matatu, akapewa uji kidogo jioni tu, kusudi pepo aone njaa na kutoka. Pepo hakutoka. Kilichotoka ni usaha katika mguu wake.

Tulimwona huko kwa macho yetu. Padri mmoja nasi tulimwondoa, tukampandisha kwenye pikipiki kati ya watu wawili, tukamfikisha hospitali. Mganga alitibu kwanza mguu. Akapima damu kutafuta malaria. Kisha akampa dawa ya kutuliza akili. Siku ya nane kijana alilala usiku mzima. Juma la sita akauliza kitabu chake cha nyimbo. Lakini tangu siku ile ya makaa ukutani ilikuwa imepita miezi minne na zaidi, na mganga hakutuficha kitu: ugonjwa wa namna hii ukikaa muda mrefu bila dawa, kupona kwake huwa kugumu zaidi na pungufu zaidi. Kijana hajarudi darasani. Anatusaidia kuandika vitabu vya ubatizo, na mwandiko wake ni mzuri. Shangazi hajarudi nyumbani kwake.

Tazameni basi matunda ya neno lile dogo. Neno hilo linapiga mara mbili. Linampiga mgonjwa kwa kumnyima mganga; kisha, kwa sababu ugonjwa usio wa hospitali lazima uwe na mtu aliyeutuma, linatafuta mtu wa pili wa kumpiga. Mara nyingi huyo ni mwanamke mzee, au mtoto yatima. Mwenye mali na ndugu wengi hatajwi. Hilo peke yake lingetosha kutufumbua macho juu ya hekima ya wafumu.

«Lakini katekista,» wanatuambia, «wewe husadiki kwamba shetani yupo?» Twasadiki. Kanisa linafundisha hivyo, na hatuwezi kufundisha namna nyingine. Lakini Kanisa hilohilo linafundisha pia jambo ambalo watu wa vyumba vya sala hawapendi kulisikia. Tangu mwaka 1614, kitabu cha Ibada ya Roma kilimwonya padri asisadiki upesi kwamba mtu amepagawa na pepo, bali apambanue vizuri kati ya aliyepagawa na mgonjwa tu. Miaka zaidi ya 400! Kitabu kipya, kilichotolewa na Roma mwaka 1998, kinamwagiza padri atake shauri la watu wenye elimu ya uganga na ya magonjwa ya akili pale inapohitajika. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1172, inasema kwamba hakuna mtu wa kumfukuza pepo katika mtu aliyepagawa bila ruhusa maalumu ya Askofu, na ruhusa hiyo anapewa padri tu, mwenye ibada, elimu, busara na maisha safi. Basi yule mtu wa jana, aliyejipa mwenyewe jina la nabii, mwenye mnyororo na kufuli mfukoni, ruhusa yake aliipata wapi?

Tena wasomaji wafungue Biblia, kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38. Humo watakuta kwamba mganga anastahili heshima, kwa maana Mungu ndiye aliyemwumba. Na dawa zatoka katika nchi kwa mapenzi ya Mungu, na mtu mwenye akili hazidharau. Watakuta pia kwamba mgonjwa anaambiwa asali, kisha ampe mganga nafasi yake. Mambo mawili katika sura moja, yakifuatana. Sisi tulisoma sura hiyo seminarini, tukaifanyia hata mtihani. Siku mama yule alipokuja, tulikuwa tumeisahau.

Wengine wanasema kwamba waganga wa akili ni mambo ya Wazungu wasio na dini. Hawajui historia ya Kanisa lao. Katika mji wa Valencia, Hispania, mwaka 1409, Padri Juan Gilabert Jofré alikuwa akienda kanisani kuhubiri. Njiani akawakuta vijana wanamtupia mawe mtu mwenye wazimu. Alikuwa mtawa wa shirika lililokomboa watumwa. Siku ile aliyaacha mahubiri aliyotayarisha, akahubiri juu ya wagonjwa hao, na wakristu waliomsikia wakatoa mali zao kuwajengea nyumba ya kutunzwa. Mtakatifu Yohane wa Mungu, aliyezaliwa mwaka 1495 na kufa mwaka 1550, alifungwa yeye mwenyewe kati ya wenye wazimu huko Granada, akapigwa mijeledi, kwa maana siku zile viboko ndivyo vilikuwa dawa. Alipotoka alianzisha hospitali yake. Ni mtakatifu wa wagonjwa. Sikukuu yake ni tarehe 8 Machi.

Na huko Ghent, Ubelgiji, Padri Petrus Jozef Triest alianzisha mwaka 1807 shirika la Mafrere wa Upendo. Mafrere hao waliingia katika mashimo ya ngome ya zamani mjini Ghent, walikofungwa wagonjwa wa akili, wakawafungua minyororo. Mwenzake Triest katika kazi hiyo alikuwa mganga Joseph Guislain. Jina lake linajulikana kwetu Kongo, kwa maana nyumba ya Mafrere ya kutibu magonjwa ya akili huko Lubumbashi inaitwa Joseph Guislain. Mafrere haohao wana nyumba ya SOSAME huko Bukavu, iliyoanza mwaka 1994, na ile ya Tulizo Letu huko Goma. Kumbe, ndugu! Kanisa lenu lilifungua minyororo zaidi ya miaka 200 iliyopita, nanyi mwaifunga tena kwa jina la Yezu?

Tumesema vya kutosha juu ya neno lile. Sasa mama mwingine akija kesho kutuuliza «Nifanye nini, na lini?», hatutamwambia tena kungoja Pasaka. Tutamwambia haya.

Si kila huzuni inadai mganga wa akili. Nchi yetu imeona vita tangu mwaka 1996, na watu wetu wamelia sana. Anayemlilia mume wake si mgonjwa. Mwenye kuota ndoto mbaya siku chache baada ya kukimbia risasi si kichaa. Watu hao wanahitaji majirani, chakula, sala, na mtu wa kuwasikiliza. Wengine wanahitaji msikilizaji aliyejifunza kazi hiyo, yaani mtu wa saikolojia, ambaye hatoi vidonge bali anatibu kwa maneno na kwa kusikiliza. Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa Bukavu mwaka 1999, inao watu kama hao, na wanawake wengi waliotendewa jeuri wamekwisha kusaidiwa nao.

Lakini huzuni ikikaa zaidi ya majuma mawili, kila siku, mchana kutwa, mtu asione tena ladha ya kitu chochote, asilale au alale kupita kiasi, akonde, ashindwe kulima au kuuza au kuwatunza watoto, aanze kujilaumu kwa makosa asiyoyatenda: hapo usingoje. Huo si uvivu, wala si ukosefu wa imani. Tumewahi kumsikia mtu akimwambia mama wa namna hiyo: «Sali zaidi.» Alikuwa akisali tangu alfajiri na machozi yanamtoka.

Vilevile mtu asiyelala siku tatu au nne wala kuchoka, anayesema mbiombio bila kupumua, anayewagawia watu faranga za biashara yake na kusema ameitwa kuwa rais. Huyo anaonekana mwenye furaha, na watu wanacheka. Wasicheke. Vilevile anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au anayesadiki kwamba jirani wote wamepanga kumwua. Magonjwa haya mara nyingi huanza katika ujana, kijana akiwa bado shuleni au karibu kuoa, na mwanzo wake ni wa polepole: anajitenga, anaacha kuoga, alama za masomo zinashuka. Wazazi wanadhani ni kiburi. Siku hizo za mwanzo ndizo za thamani kubwa kwa mganga.

Kuna mambo mengine yasiyongoja hata kesho. Mtu aliyepotewa na akili ghafula akiwa na homa, au shingo ngumu, au amepigwa kichwani: huyo apelekwe hospitali saa ileile. Malaria ikipanda kichwani, au ugonjwa wa utando wa ubongo, huonekana kama wazimu, nao waua kwa siku chache. Malale nayo huharibu usingizi na tabia kabla watu hawajaitambua. Mangapi yameitwa mapepo, kumbe yalikuwa malaria! Na mnywaji wa kanyanga au lutuku wa miaka mingi, akiacha kwa ghafula, siku ya pili au ya tatu aweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho, kuona wadudu ukutani. Amefanya vizuri kutaka kuacha, lakini kuacha kwake kwahitaji mganga, kwa maana hali ile yaweza kumwua.

Hapa twataka kukaa kidogo juu ya mama aliyejifungua. Machozi ya siku za kwanza baada ya uzazi ni kawaida, yapita. Lakini ikiwa katika majuma mawili ya kwanza au karibu na hapo mama halali hata mtoto akilala, anasema maneno ya ajabu, anamtazama mtoto kama mgeni, au anasema mtoto si wake, au amelaaniwa: hiyo ni hatari kubwa, ya mama na ya mtoto. Asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja, apelekwe siku ileile. Ugonjwa huu unatibika vizuri sana. Twajua familia ambazo mume alimrudisha mke wake kwa wazazi, akidai mali ya mahari, kwa ajili ya ugonjwa ambao ungekwisha kwa dawa. Hatuna neno la upole kwa waume wa namna hiyo.

Na anayesema anataka kufa. Watu wasema: «Anayesema hatendi.» Uongo! Wengi waliotenda walikuwa wamesema kwanza. Muulize wazi: «Je, unafikiri kujiua?» Swali hilo halimpandii wazo jipya, laweza kumfungulia mlango wa kusema. Kaa naye, ondoa sumu ya shambani na kila kitu cha hatari, mpeleke. Usimtishe na moto wa milele. Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba matatizo makubwa ya akili, uchungu au hofu kubwa yaweza kupunguza daraka la aliyejiua, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko waliojiua kwa kusudi. Ile ya mwaka 1983 haiwataji tena kati ya wanaonyimwa. Wako wakristu wazee ambao habari hiyo haijawafikia bado, nao wanazomea mazishini.

Neno moja juu ya kifafa. Si wazimu, si uchawi, wala hakiambukizi kwa mate. Huku kwetu wenye kifafa hutibiwa mara nyingi katika nyumba zilezile za magonjwa ya akili, na kati ya wagonjwa 100, hata 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa na kuimeza kila siku. Tumewaona watoto wenye makovu ya moto, walioanguka jikoni, na hakuna aliyewagusa kuwainua.

Sasa, mtakuta nini huko? Woga wa watu watokana na kutojua. Kwanza, si lazima uanze kwa mganga mkubwa. Waganga hao ni wachache mno kwa nchi yenye mikoa 26, na wengi wao wako mijini. Anza katika kituo cha afya cha karibu. Mwuguzi ataangalia homa na damu, naye aweza kuanza kutibu au kukupa barua ya kwenda mbele.

Siku ya kwanza aende pamoja na mgonjwa mtu anayelala naye nyumba moja. Asiende mkubwa wa ukoo anayemwona mara mbili kwa mwaka! Mganga atauliza: ilianza lini, alilala vipi, alikula vipi, anakunywa nini, anavuta bangi, amewahi kuanguka, kuna mwingine katika ukoo aliyeugua hivyo? Ataangalia mwili pia, pengine atataka kupima damu. Waleteeni dawa zote alizokwisha kunywa, hata za miti, wala msione haya. Mganga hakasiriki, anataka tu asichanganye dawa na sumu. Mashine ya kusoma mawazo hana. Kazi yake ni kusikiliza, na kusikiliza kwake kwaweza kuchukua saa nzima. Pengine atawaomba mtoke, abaki na mgonjwa peke yake. Tokeni. Anayosikia ni siri. Si siri ya kitubio, lakini sheria ya kazi yake yamfunga. Siri hiyo haimzuii kuwaonya wa nyumbani ikiwa maisha yamo hatarini.

Jina la ugonjwa huenda lisijulikane siku ya kwanza, na laweza kubadilika. Msiseme: «Hajui kitu.» Hata mwenye shamba hangoji mavuno juma la kwanza. Dawa nazo zina mwendo wao. Ile iitwayo haloperidoli, iliyotengenezwa mwaka 1958 na mganga Paul Janssen huko Ubelgiji, yaweza kumtuliza mgonjwa upesi, lakini sauti anazosikia huondoka polepole, kwa majuma. Dawa za huzuni huchukua majuma mawili, manne, hata sita kabla ya kuonyesha nguvu, na hapa ndipo watu wetu wanapotupotezea kazi: siku ya kumi wasema «haifai», wanaitupa. Wengine wanapona, na siku wanapopona wanaacha. Dawa ya huzuni yaendelea miezi sita walau baada ya kupona; nyingine miaka, na kwa wengine maisha yote. Mwenye ugonjwa wa sukari naye anameza dawa maisha yote, na hakuna anayemwambia amelogwa.

Tuseme kweli pia juu ya ubaya wa dawa hizo. Haloperidoli yaweza kukaza shingo na taya, kutetemesha mikono, kumfanya mtu asitulie miguu. Nyingine zanenepesha. Jamaa wakiona mtu amekaza shingo wasema: «Wamemwua!» Hapana. Rudini upesi kwa mganga. Iko dawa ya kulegeza, au atapunguza, au atabadili. Vidonge vingine vya usingizi huzoeza mwili, ndiyo sababu mganga huvitoa kwa siku chache tu, na wasioviuliza kwake bali huvinunua sokoni kwa kipimo chao wenyewe wanajitafutia taabu.

Wachache watalazwa. Jamaa mmoja atakaa naye, atapika, atafua, kama katika hospitali zetu zote. Huenda ukaona huko mambo yasiyokupendeza: vitanda vichache, kelele usiku, dawa zimekwisha na mwuguzi anakuandikia karatasi ukanunue nje. Hatutawadanganya kwamba ni paradiso. Lakini wengi hutoka baada ya majuma, hurudi nyumbani, na kisha huenda kuonyesha uso mara moja kwa mwezi.

Limebaki neno la fedha, na hapo twawasikia wengi: «Sisi maskini, hospitali ni ghali.» Ni kweli, ni ghali kwa maskini, na serikali ina daraka lake katika jambo hili ambalo haijalitimiza. Lakini hebu hesabuni nasi. Kijana yule tuliyemtaja: mbuzi wawili, kitenge, sadaka ya chumba cha sala kila juma, usafiri wa watu watano, na miezi minne ya mshahara wa mwalimu uliopotea. Tuliandika hesabu hiyo kwenye daftari pamoja na mama yake. Ilipita mara tatu yale tuliyolipa hospitalini, na mguu haumo ndani yake.

Katika shirika letu tumefanya shauri. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi twaweka kando sehemu ya sadaka ya shirika kwa usafiri wa wagonjwa wa akili, na mama wawili na baba mmoja wamekubali kuwasindikiza, maana si kila jamaa ana ujasiri wa kupanda basi na mgonjwa wa namna hii. Mama mmoja kati ya hao wawili ni mama wa kijana yule. Hadi leo wamesindikiza watu saba. Novena twaisali bado. Tunaianza jioni ya siku ile mgonjwa aliporudi kwa mganga na dawa mkononi. Na Jumamosi ijayo, baada ya Misa ya asubuhi, twakwenda na Padri kwa mjomba wa kijana, kusema naye juu ya nyumba ya shangazi.